Kiongeza unyevu kinamwaga maji, mbona nyumba bado kavu?

Swali

Mimi ni mama mfugaji wa kuku huku Ruai, natotolesha mayai kwa mashine. Mwanangu yuko Marekani, jimbo la Minnesota, mji mdogo pembeni ya Minneapolis, na mwaka juzi walinunua nyumba. Januari nilikwenda kumsaidia mkamwana na mtoto mchanga. Midomo ilinipasuka, kila nikishika kitasa cha mlango napigwa shoti, na mjukuu wangu wa miaka minne alikuwa akiamka na damu puani. Chini ya nyumba kuna tanuru la gesi linalopasha vyumba joto, na ubavuni mwake pamefungwa kifaa cha kuongeza unyevu. Wamekiweka 45 kwa mia, lakini kipimo cha unyevu cha sebuleni kinasoma 19. Fundi wa kwanza alisema wanunue kipya, wa pili akasema kilichopo ni kizima, na kila mmoja akalipwa. Nimeambiwa uliwahi kuifanya kazi hiyo huko. Tumwambie kijana afanye nini?

Jibu

Mama, pole kwa midomo, na pole zaidi kwa mjukuu. Uliyoambiwa ni kweli. Kwa misimu tisa ya baridi nilikuwa fundi wa matanuru huko Minnesota, kabla ya kurudi nyumbani na kuanza kushughulikia mitambo ya hewa huku Industrial Area. Barua yako nimeisoma nikikiona chumba chenyewe: mabati ya njia za hewa yamepita juu ya kichwa, balbu moja inaning'inia, na kile kisanduku kinatoa sauti ya maji. Mwanao asinunue kitu chochote kwa sasa. Na kabla hajashika bisibisi, kuna namba mbili za kunyoosha. Moja ni hiyo 45.

Watu husema tanuru linachoma unyevu. Halichomi. Hewa ya baridi kali haiwezi kubeba maji mengi, ni hivyo tu. Nje kukiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, mita moja ya ujazo ya hewa iliyoshiba kabisa hubeba takriban gramu moja ya mvuke wa maji. Hewa hiyohiyo ikipenya ndani na kupashwa mpaka nyuzi 21, inaweza kubeba gramu 18, na mkononi ina ile moja. Kama nyumba isingekuwa na mtu wala sufuria jikoni, kipimo kingesoma 5 au 6 kwa mia. Linganisha na kwetu: asubuhi ya Julai hapa Nairobi, nyuzi 12, ukungu umetanda, hewa ina karibu gramu 11. Washa hita sebuleni hadi 21 na unyevu bado uko zaidi ya nusu. Baridi yetu ni ya majimaji, yao ni ya jangwa. Hiyo 19 anayoisoma mwanao, sehemu yake kubwa huenda inatokana na pumzi zao, maji ya kuoga na chai inayochemka.

Sasa 45, kwenye baridi ya namna hiyo, haifai hata kama kifaa kingeweza kuifikia. Vioo vya madirisha vingetokwa jasho, jasho ligande kuwa barafu kwenye fremu, na unyevu usioonekana ungejipenyeza kwenye kuta na darini, ulowanishe mbao, kisha ije kuvu. Mafundi wa huko huangalia kwanza joto la nje ndipo wanapoamua unyevu wa ndani. Nje kukiwa nyuzi 7 chini ya sifuri, ndani 35 inatosha. Ikishuka 12 chini, 30. Kwa 18 chini, 25. Kwa 23 chini, 20. Na ikifika 29 chini, siku zile ambazo kope zinagandana ukitoka kwenda kwenye gari, 15. Kwa hiyo usiku wa nyuzi 18 chini ya sifuri mwanao hajapungukiwa na alama 26 kama alivyodhani. Amepungukiwa na 6. Pua ya mtoto haijali hesabu hiyo, najua, lakini mfuko wa babake unaijali, kwa sababu pengo la 6 hutibika bila mashine mpya.

Namba ya pili ni ile 19 yenyewe. Vipimo vidogo vya dijitali, viwe vya huko au hivi vya Luthuli Avenue, hupotoka alama tano kwa urahisi. Achukue kizibo cha chupa ya soda, akijaze chumvi ya meza, adondoshee maji kidogo kidogo mpaka chumvi iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Akiweke kizibo hicho pamoja na kipimo ndani ya mkebe wenye mfuniko unaobana, afunge, auache kwenye joto la kawaida la chumba tangu jioni hadi jioni ya pili. Hewa ndani ya mkebe itatulia kwenye 75 kwa mia, maana chumvi ikiwa na maji namna hiyo hushikilia hapo hapo. Kipimo kikisoma 69, kinapunguza 6, na ile 19 huenda ni 25: nyumba ingekuwa pale pale inapotakiwa kwa usiku wa baridi kali. Nimeona familia zikitumia pesa nyingi kwa sababu ya kipimo cha bei ya chai na mandazi. Fanya hivyo hata kwa kipimo cha mashine yako ya mayai, mama, kabla ya kuweka trei nyingine. Na cha mwanao kisikae karibu na dirisha, jiko, wala tundu la hewa moto.

Kipimo kikiwa sahihi na nyumba bado iko chini, ashuke kule chini afuate maji.

Kifaa cha aina hiyo, kile kisicho na feni yake, hakina mengi. Feni ya tanuru husukuma hewa moto kwenye njia kuu inayopanda vyumbani, na hewa iliyopoa hurudi kwa njia nyingine. Kifaa kimefungwa kwenye njia mojawapo, na bomba la bati la mviringo, kipenyo cha sentimita 15 hivi, linaziunganisha njia hizo mbili. Msukumo wa feni hulazimisha sehemu ya hewa moto ikatize hapo, ipenye pedi iliyolowa, ibebe maji na kuendelea na safari. Maji yenyewe huja kwa mrija mwembamba, hupita kwenye vali ya umeme ya volti 24, humwagika juu ya pedi, na yanayobaki hushuka hadi kwenye shimo la maji sakafuni. Wewe unajua kwamba kwenye trei ya mashine yako kinacholeta unyevu ni upana wa maji, kina hakisaidii. Pedi ni hivyohivyo: ni namna ya kuyatandaza maji kidogo yawe mapana ili hewa iyanywe. Na hewa hiyo ni lazima iwe moto, ipite pale kweli.

Hapo kwenye kupita ndipo ninapomshuku fundi wenu wa pili. Aliona maji yanatiririka, akasema kifaa ni kizima. Kwenye lile bomba la mviringo kuna kilango cha bati chenye mkono mdogo nje, na kando yake pameandikwa majira mawili, kiangazi na baridi. Kiangazi hufungwa. Kikisahauliwa, maji yatamwagika msimu mzima wala hakuna hewa itakayoyagusa. Mimi mwenyewe nililifanya kosa hilo mjini Saint Paul, huko huko Minnesota, kwa wazee wawili walioniamini. Mara ya kwanza nilibadilisha pedi. Ya pili, vali. Maji yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa, na ndiyo yaliyonidanganya. Mara ya tatu nikaweka kiganja juu ya bomba la mviringo tanuru likiwaka: baridi kama mlango wa friji. Mkono wa kilango ulionyesha kwamba uko kwenye baridi, yaani wazi, lakini aliyeufunga miaka ya nyuma aliuweka kinyume, na bati ndani lilikuwa limeziba. Niligeuza robo mzunguko, nikarudisha kiganja, na dakika mbili baadaye joto likaanza kuja. Pesa za vali niliwarudishia. Mwanao asiamini maandishi pale. Aamini kiganja chake.

Kiganja kikipata joto, azime tanuru kwa swichi yake ya ukutani, afungue kifuniko cha kifaa na kutoa pedi. Ikiwa imeshika ukoko mweupe, mgumu, kama ule unaobaki ndani ya birika ukichemsha maji ya borehole hapo Ruai, basi vijishimo vyake vimezibwa na chokaa na hewa haipiti. Miji mingi ya pembeni kule hutumia maji ya visima, na chokaa yake si ya mchezo. Pedi hubadilishwa kila mwaka kabla ya baridi, na bei yake ni ndogo. Asiikwangue ili airudishe. Baadhi zina alama ya rangi kuonyesha upande wa juu, aiangalie. Na kabla ya kutupa ile ya zamani, aitazame vizuri kwenye mwanga: ikiwa upande mmoja una chokaa na mwingine ni safi na mkavu, kisahani cha juu kinachogawa maji kimeziba matundu au kifaa kimefungwa kikiwa kimeinama, na nusu ya pedi haijawahi kulowa.

Kisha awashe tanuru, aweke jagi la lita moja chini ya mrija wa kutolea maji. Aina nyingi zitalijaza kwa dakika tano au chini ya hapo. Yakija matone tu, kizuizi kiko kati ya bomba la nyumba na pedi, na mara nyingi ni ile vali ndogo ya sindano ambayo hutoboa bomba la maji na kung'ang'ania pale. Tundu lake ni dogo mno, chokaa kidogo tu inaliziba. Huwa nashauri itolewe na kuwekwa kiungio cha kawaida chenye vali ya kufunga. Ndani ya vali ya umeme kuna pia kichujio kidogo kama wavu, na mbele yake kitundu cha kupimia maji. Vyote huoshwa au kubadilishwa.

Kuna jambo moja nataka mwanao alisikie vizuri, kwa sababu amelelewa Nairobi. Mtu aliyekulia nyumba zenye mitungi na ndoo za maji ya mgao akiona maji safi yanashuka kwenye shimo mchana na usiku, roho inamuuma, na mkono unakwenda wenyewe kupunguza vali. Nilifanyia kazi Wakenya wawili waliofanya hivyo. Kwenye kifaa hiki sehemu kubwa ya maji hushuka, ndiyo yanayosafisha pedi na kuondoa chokaa. Akiyabana, pedi inalowa kipande na inaharibika upesi. Anaweza hata kukiunganisha na bomba la maji moto kama kitabu cha kifaa kinaruhusu. Maji moto hupaa kwa wepesi zaidi, hasa kwenye matanuru ya kisasa ambayo hewa yake si moto sana.

Upande wa umeme ni mfupi. Akipandisha swichi ya unyevu, ile waliyoiweka 45, wakati tanuru linapasha, asikie mlio mdogo wa vali kufunguka. Kukiwa kimya, ama umeme wa volti 24 haufiki au vali imekufa, na hapo aite fundi, kwa kuwa ndani ya tanuru kuna pia umeme wa volti 120. Swichi hiyo iwe kwenye njia ya hewa inayorudi, mahali hewa inapofika kabla ya kuchanganyika na ile iliyotoka kwenye kifaa. Ikikaa kwenye hewa iliyokwisha kulowa, inaamini nyumba nzima imelowa na kujizima. Kama ni ya kujiendesha yenye kihisio cha nje, kihisio kisiwe ukuta unaopigwa na jua wala karibu na tundu la mashine ya kukausha nguo.

Halafu kuna muda. Kifaa hiki huongeza unyevu tanuru linapowaka, basi. Nyumba iliyowekewa tanuru kubwa kupita kiasi hupashwa kwa dakika nne na kunyamaza ishirini, na pedi haipati nafasi ya kufanya kazi. Themostati nyingi, yaani swichi za kupangia joto la nyumba, zina mpangilio wa kuwasha feni unyevu ukihitajika hata kama hakuna moto. Unasaidia kidogo, hasa kwa aliyeunganisha maji moto, maana kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunataka joto jingi, karibu theluthi mbili za yuniti moja ya umeme, na ni lazima litoke mahali fulani.

Ikiwa haya yote yako sawa na bado kipimo kimekwama, kifaa hakina kosa. Kosa ni kama lile la matundu wazi kwenye mashine ya mayai. Wewe ukifungua matundu yote ya mashine yako, kipimo kinaanguka hata trei ikiwa imejaa pomoni. Nyumba ni ile ile. Chukua nyumba ya mita za ujazo 400, ambayo nusu ya hewa yake hubadilishwa na hewa ya nje kila saa. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kuifikisha 30, juu kidogo ya ile 25, kunataka kama lita 22 za maji yaliyopaa kwa siku. Ikivuja mara mbili ya hapo, lita 44. Kifaa cha kawaida cha aina hiyo kinaweza kupaisha karibu lita 60 kwa siku ikiwa tanuru linawaka bila kupumzika. Likiwaka nusu ya muda, ni 30. Nyumba ya kwanza kitaimudu, ya pili hakiimudu, na fundi wa kwanza akiwauzia kingine cha ukubwa uleule mtabaki na 19 yenu.

Hewa moto hupanda na kutorokea darini, na kila lita ya hewa inayotoka juu inavuta nyingine kavu kutoka chini. Jioni ya baridi kali mwanao alowanishe mkono, apite nao taratibu kwenye kifuniko cha kupandia darini, kwenye taa zilizozamishwa kwenye dari, na kule chini mahali mbao za sakafu zinapokutana na ukuta wa msingi. Ngozi yenye maji inahisi upepo ambao macho hayauoni. Kwenye nyumba nyingi nilizoingia, kifuniko cha dari kilikuwa ubao mtupu uliolazwa tu pale. Utepe wa sponji kuzunguka kingo zake ulifanya kazi kuliko vifaa vingi nilivyouza. Aangalie pia feni za bafu zinazoachwa zikivuma, na ule mtambo wa kubadilisha hewa safi kama nyumba inao: mara nyingi umewekwa kasi ileile ya kiangazi, na msimu wa baridi unamwaga nje unyevu wote. Viungio vya njia ya hewa inayorudi, navyo vikivuja, hunyonya hewa kavu.

Lakini kabla ya kuziba, aangalie tanuru linavuta hewa ya moto wake wapi. La kisasa lenye mabomba mawili ya plastiki yanayotoka nje halina shida. La zamani linalovuta hewa ya chumba, au hita ya maji ya namna hiyo, linahitaji fundi alipime kwanza, kwa sababu nyumba ikibanwa sana moshi unaweza kurudi ndani. Kengele ya gesi ya sumu ya kaboni monoksidi iwepo na iwe na betri nzima. Hapo silegezi hata kidogo.

Wakati anahangaika na hayo, kuna la kufanya leo usiku. Nguo waanike ndani, kama tunavyofanya msimu wa mvua. Mzigo mmoja uliokamuliwa na mashine huachia lita moja na nusu hadi mbili. Kifaa kidogo cha chumbani karibu na mtoto kinafaa pia, mradi kioshwe kila siku. Sufuria ichemkayo kutwa juu ya jiko la gesi sitaki, na nyumba ina mtoto wa miaka minne. Matone ya maji chumvi ya dawa kwenye pua zake kabla ya kulala yanasaidia. Damu ikitoka, aketi, ainame mbele kidogo, abanwe sehemu laini ya pua kwa dakika kumi bila kuachia. Ikiendelea kurudi hata unyevu ukipanda, aonwe na daktari.

Akifuata mpangilio huu, jambo atakalolikuta liko karibu na juu ya orodha: kilango, pedi, au maji yaliyobanwa. Aniandikie kipimo cha chumvi kilisoma ngapi na kiganja chake kilihisi nini kwenye bomba la mviringo, nitajua pa kuendelea. Na Aprili ikifika, afunge maji, ageuze kilango cha bati, kisha achukue kalamu ya wino mzito aandike palepale kwenye bomba, kwa Kiswahili akitaka, mkono ukielekea wapi hewa inapita na ukielekea wapi imefungwa. Mtu atakayeshuka pale Oktoba akiwa na usingizi atahitaji kuyasoma.